Mwaka Niliojifunika Kitenge

Katika soko la Mulongwe hapa Uvira, ninapouza vitenge, wananiita Mama Sema-Yote, na sikasiriki, kwa sababu ni kweli. Mteja akivuta kitambaa changu kwa mikono yenye mafuta ya samaki, nitamwambia. Padri akihubiri mpaka watoto wasinzie, nitamwambia pia, tena mlangoni, akiwa bado ananishika mkono. Ndiyo maana Riziki aliposimama mbele ya meza yangu Jumanne ile, kitambaa cheusi kichwani, wanawake wa meza za jirani walinyamaza wakingoja nitasema nini. Niliweka chini kitenge nilichokuwa nikikunja. Sikuwa nimemwona tangu akiwa mtoto wa kutambaa, lakini paji lile la uso na macho yale yaliyoachana kidogo yalikuwa ya mama yake, nikajua kabla hajafungua mdomo. "Mama Shukuru," alisema, "mama amefariki jana, kule Luberizi. Aliacha neno moja. Weye uje siku ya Jumamosi, siku ya kunyoa, na uje na mutoto wako. Alisema Shukuru akae kwenye mukeka pamoja na sisi watoto wake. Minye sijui ni juu ya nini. Nimeleta neno tu." Nikampa kiti akakataa, nikaita soda akakataa, akaenda zake kutafuta gari la kurudi kwao.

Mimi nilijua ni juu ya nini. Kwenye mkeka wa msiba wa mama wanakaa waliotoka tumboni mwake na walionyonya titi lake. Wote hao ni wake, na wote hunyolewa. Shukuru wangu ana miaka ishirini na miwili, anafundisha hesabu, na maisha yake yote alidhani amelishwa na mimi peke yangu. Hilo ningeweza kumweleza njiani. Lakini mwanamke yule aliyekufa, Mama Riziki, alifukuzwa Uvira kwa jina la mwizi wa maziwa. Alikwenda nalo mpaka Luberizi, na watu wa barabara ile walilipeleka mbele zaidi. Duniani kote mtu mmoja tu ndiye aliyeweza kulifuta, naye ni mimi, Mama Sema-Yote, na nilikuwa nimelimeza miaka ishirini na miwili. Usiku sikuota kitu; mchana ndio ulionisumbua. Nilikuwa nikikunja vitenge nikanusa uji wa soya, na hapakuwa na uji.

Chumba nilichozalia mtoto kilikuwa cha nyuma, katika parseli, yaani kiwanja, ya mama mkwe wangu. Kitanda cha mbao, sanduku la nguo, kalenda ya mwaka uliokwisha ambayo hakuna aliyetaka kuitoa kwa kuwa ilikuwa na picha ya Bikira Maria, na dirisha dogo linalotazama uani. Mama mkwe alikuwa akiuza ndagala, hao dagaa wa ziwa letu, na walianikwa juu ya mabati mbele ya dirisha langu, kwa hiyo mwaka ule wote una harufu yao. Upande wa pili wa ukuta, humohumo ndani ya parseli, kulikuwa na kijumba cha mbao ambamo Mama Riziki alipanga na mume wake, mbeba mizigo wa bandarini. Alitoka uwanda wa Ruzizi, Kirundi kilikuwa lugha ya nyumbani kwake, na Uvira hakuwa na shangazi wala mjomba wa kumtetea. Riziki alikuwa na miezi mitano. Yule mwanamke alikuwa na maziwa, ee Mungu! Mtoto wa jirani akilia tu barabarani, blauzi yake ililowa. Alikuwa akicheka na kujipangusa na ncha ya kitenge, akisema, "Mbuzi ya watu wote ni minye."

Na mimi? Mimi nilikuwa na siri chini ya nguo. Nikiwa na miaka kumi na saba matiti yangu yalikuwa makubwa kiasi kwamba kamba za sidiria zilichimba mifereji mabegani, na joto la huku ziwani lilinitia vidonda chini yake. Sikuweza kubeba beseni la maji bila mgongo kuwaka. Wavulana wa shule waliniita Lori. Nikiwa na kumi na tisa nilipelekwa Bujumbura kwa daktari, akanipasua, akayapunguza. Alama zake ninazo hadi leo: duara kuzunguka chuchu, mstari unaoshuka, na mwingine mrefu chini ya titi. Daktari aliniambia kwa Kifaransa, polepole ili nielewe, kwamba nitaweza kuzaa, lakini kuhusu maziwa hana ahadi. Niliitikia kwa kichwa. Msichana wa kumi na tisa anayesimama wima kwa mara ya kwanza atafikiria maziwa? Nilitembea kutoka mpakani Kavimvira mpaka nyumbani kwa miguu, kwa furaha tu.

Dezire, mume wangu, alijua, bila shaka. Mume atakosaje kuona. Yeye ndiye aliyesema mama yake asijue. Kabla hatujaoana mama mkwe alisikia habari ya msichana fulani aliyepasuliwa uvimbe, akatema mate pembeni na kusema, "Titi yenye kukatwa ni shamba yenye kuchomwa. Utavuna nini pale?" Kwa hiyo tulinyamaza. Kisha Dezire, ambaye alikuwa fundi wa injini kwenye mashua za kwenda Kalemie, akaondoka kwa wiki zake, na mimi nikazaa.

Siku ya nne matiti yalijaa. Yaligeuka mawe, ya moto, nikashindwa hata kushusha mikono. Nilishukuru Mungu, nikadhani ndiyo hayo. Nikamweka mtoto, akanyonya, akaachia, akalia. Nikaminya mwenyewe, yakatoka matone matatu upande wa kushoto na upande wa kulia hakuna. Yalikuwemo ndani, hayakuwa na pa kutokea. Kufikia siku ya nane mawe yalilainika yenyewe, na mtoto akaanza kulala sana. Hilo liliniogopesha kuliko kilio. Nepi yake ilikuwa na doa jekundujekundu kama vumbi la tofali, na ngozi ya mapaja ilikuwa imeanza kukunjamana.

Mama mkwe hakuwa mwanamke mbaya. Naandika hivi nikijua wapo watakaotaka awe mbaya, ili nafuu iwe kwangu. Alinipikia uji wa soya na karanga asubuhi, mchana sombe, majani ya muhogo, yenye mawese na bugali, jioni mchuzi wa samaki wa mikeke, na alisimama mlangoni mpaka sahani iishe. Kila siku alileta maji ya moto na kitambaa ili anikande kifua, kazi ambayo mama mkwe humfanyia mzazi, na kila siku nilimwambia nitajikanda mwenyewe. Nilinyonyesha chini ya kitenge, nimejifunika mpaka shingoni. Kwetu hakuna anayefanya hivyo. Titi la mzazi ni kama mkono wake, linatoka mbele ya baba mkwe na mbele ya padri. "Mama, juu ya nini unajificha hivi?" aliniuliza. "Mficha uchi hazai." Nikamjibu kwamba mimi nimekwisha kuzaa. Akacheka kidogo, kisha akaacha kucheka, akakaa ukingoni mwa kitanda na kushusha sauti. "Ao unaogopa jicho? Kuna muntu anakuangalia? Niambie. Unaogopa jicho ya nani?"

Mlango ulikuwa wazi. Uani Mama Riziki alikuwa ameketi kwenye kigoda akichambua mchele, mtoto kifuani, maziwa yakimtiririka. Nilitafuta jibu lolote litakalomfanya mama mkwe aache kuvuta kile kitenge. Nikasema, "Yule ananiangalia sana." Maneno matatu. Nimeuza maneno mangapi tangu pale, nimegombana na nusu ya mji huu, lakini hayo matatu ndiyo ninayoyasikia nikiwa kimya.

Siku ya kumi na mbili mama mkwe alipokwenda sokoni na ndagala zake, mtoto hakuamka. Nilimtekenya nyayo, nikampulizia usoni, akafungua jicho moja akalifunga. Nilikuwa nimefungua nguo zote, ninaminya kwa mikono miwili na kulia kwa sauti, na Mama Riziki akaingia bila kubisha, ndoo bado mkononi. Akaniona. Alitazama kovu moja, akatazama la pili, akaweka ndoo chini. "Nani alikukata?" "Muganga. Bujumbura." "Wanajua?" "Hawajui." Alimchukua mtoto, akamdondoshea maziwa midomoni tone kwa tone mpaka ulimi ukaanza kutafuta, kisha akamweka titini, na nilisikia mwanangu akimeza. Sikuwa nimeisikia sauti ile tangu azaliwe. Mama Riziki aliketi pale juu ya kitanda changu, akanitazama na kusema, "Jifunike. Upepo utakushika."

Ikawa hivyo kila asubuhi. Mama mkwe akishafunga lango, Mama Riziki anakohoa mara moja upande wake wa ukuta, nami ninafungua. Alimlisha Shukuru asubuhi na kabla ya saa sita, na jioni mama mkwe akiwa kwenye ibada. Kisha alinilazimisha nimweke na mimi, "asisahau harufu yako." Tulikula pamoja uji ule wa soya niliopikiwa mimi, kwa kuwa nilimwambia ndiye anayeustahili. Alinifundisha Kirundi cha kubembelezea mtoto na alinitania kwamba nina mtoto wa mkopo. Mtoto alinenepa. Mama mkwe aliwaonyesha majirani mikunjo ya shingo yake na kusema ni sombe yake ile. Nilicheka na Mama Riziki mpaka tukafunika midomo na mito. Miezi miwili ile niliishi vizuri, na wala sikukumbuka kwamba nilikuwa nimekwisha kumtaja.

Mwezi wa tatu mpunga wa Luberizi uliiva, na Mama Riziki akaitwa kwao kuvuna. Alikaa wiki mbili na nusu. Nilimpa mtoto maziwa ya unga niliyonunua kwa siri, nikayatengeneza membamba ili yafike mbali, na tumbo likamharibikia. Mikunjo ya shingo ikaisha. Nilikuwa nimelala ubavu, mtoto kifuani, nikawasikia wanawake nje ya dirisha. Mama mkwe na shangazi wawili wa Dezire walikuwa wakichuma majani ya sombe kwenye vijiti vyake. "Angalia vizuri," mama mkwe alisema. "Yule alipokuwa hapa, mutoto iko munene. Ameenda Luberizi, mutoto amekauka. Sasa maziwa iko wapi?" "Imesafiri naye," shangazi mmoja akasema. "Si ndiyo. Ameibeba. Na mukwe wangu alinionya mapema, siku za kwanza kabisa. Alisema, yule ananiangalia sana."

Hesabu yao ilikuwa sahihi! Hilo ndilo linaloniumiza mpaka leo. Waliona kila kitu kama kilivyokuwa: aliondoka, maziwa yakaondoka. Kilichokosekana ni jambo moja tu, na hilo lilikuwa chini ya kitenge changu.

Alirudi siku ya Alhamisi, saa nne asubuhi, kapu la mpunga mpya kichwani, zawadi yangu. Walimngojea uani; Dezire alikuwa safarini ziwani. Kiti changu kiliwekwa katikati, na mbele yake kikombe cha bati chenye maji. Shangazi mkubwa alimweleza kwa utulivu, wala hakumtukana. Dawa ya jambo hili inajulikana: aliyebeba maziwa ya mwenzake anakamua matone yake ndani ya maji yale, anampaka mwenzake kifuani, kifua wazi, mbele ya watu, na maziwa yanarudi kwa mwenyewe. Hakuna ugomvi, hakuna polisi. "Fanya tu, mama, tumalize," alisema shangazi. "Na weye, mukwe wetu, fungua kifua."

Sikufungua. Nilishika kitenge kwa mikono miwili. Nilimwona Mama Riziki akinitazama mikono. Nilikuwa na nafasi ya kusema. Jogoo alikuwa akiparua chini ya mabati. Sentensi moja tu: mimi nilipasuliwa, na huyu ndiye anayemlisha mtoto wangu. Yeye naye alikuwa nayo sentensi hiyo, tena angeisema kwa urahisi kuliko mimi, kwani angekuwa anajitetea. Akashusha kapu lake. Akachukua kikombe, akamwaga maji chini. "Sifanyi," alisema. "Juu ya nini?" mama mkwe akapiga kelele. "Kama hukuiba, juu ya nini unakataa?" "Sifanyi tu." Uwanja mzima ukapiga ukelele, kwa sababu anayekataa kurudisha amekiri. Mimi peke yangu nilijua alichokataa. Alikataa nifunuliwe.

Alipewa mpaka Jumamosi ahame. Alipopita dirishani kwangu na godoro kichwani alikohoa mara moja, kwa mazoea nafikiri, na mimi sikutoka. Nilikuwa nimekaa kitandani nikimtazama Bikira wa kalenda. Kile kikapu cha mpunga alikiacha, na tuliula. Naam, tuliula, na mimi nilikula.

Baada ya wiki tatu Shukuru alikuwa hana nguvu ya kulia, nikampeleka kwenye kituo cha watoto wenye utapiamlo. Muuguzi pale, mama mnene mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, alinifungua kitenge bila kuniomba ruhusa, akatazama makovu na kusema, "Aa, kumbe." Alinieleza kwamba maziwa ninayatengeneza, lakini njia zake nyingi zilikatwa, zimebaki chache. "Hakuna muntu ameiba," aliongeza, maana alikuwa amesikia mengi kazini pale. Alichukua mpira mwembamba, ncha moja akaibandika kwa plasta kando ya chuchu, ya pili akaizamisha katika kikombe cha maziwa nilichokishika usawa wa kifua. Mtoto alinyonya titi na mpira kwa pamoja, akapata cha kikombe na kile kidogo changu. Hivyo ndivyo Shukuru alivyopona. Niliporudi nyumbani nilisema ni dawa za kituo. Mama mkwe aliamini kwamba ni kwa sababu yule ameondoka. Alikufa akiamini hivyo. Nilipozaa wa pili maziwa yalitoka zaidi, njia zikawa zimejitafutia pa kupita, na nilinyonyesha uani mbele ya watu wote bila kufunika chochote isipokuwa makovu, kwa kiganja. Nikaanza kuwa Mama Sema-Yote miaka ileile. Mtu anayebana neno moja huachia mengine yote.

Ndani ya gari la kwenda Luberizi nilimweleza Shukuru yote. Alisikiliza akitazama mashamba ya mpunga. Mwishowe akauliza, "Na weye ulisema nini, mama?" "Nilinyamaza." Akageuka. "Weye?"

Nyumba ilikuwa na chumba kimoja kikubwa kilichojaa wanawake, mkeka katikati, na kwenye mkeka Riziki na wadogo zake wawili, na mtoto wa Riziki wa miaka mitatu amelala mapajani mwa mama yake. Nilimwomba Shukuru asubiri uani kidogo. Sikuketi. Nilisema jina langu, na nikaona wanawake wazee wakitazamana, maana walilijua. Nikasema, "Mama Riziki hakuiba maziwa. Mimi ndiye niliyekuwa sina. Nilipasuliwa kabla ya kuolewa, nikaficha, na yeye alijua, na alimlisha mtoto wangu miezi miwili, na walipomfukuza alikubali jina la mwizi kuliko kunifunua. Mimi nilikuwa nimekaa pale. Nilikuwa nimekaa palepale." Kisha nikafungua kitenge, na blauzi, na nikawaonyesha, mwanamke wa miaka arobaini na sita, mbele ya watu nisiowajua.

Riziki alitazama muda mrefu, makovu kwanza, kisha uso wangu. Nilitegemea anitukane. Nilikuwa nimejitayarisha hata kwa kofi. Alisema kwa sauti ya chini, akimlaza vizuri mtoto wake, "Minye niliamini ni kweli. Tangu niko mudogo, watoto wa hapa waliniambia, na mama hakukataa hata siku moja. Nilimuogopa mama yangu. Huyu alipozaliwa, mama alikuja kutoka shamba akinyoosha mikono ambebe. Nilimwambia, usimuguse mutoto wangu. Aliosha mikono yake tu, akarudi shamba. Miaka mitatu. Hajawahi kumubeba."

Akamhamishia mtoto kwa mdogo wake, akachukua wembe na bakuli la maji, akatoka uani alipokuwa Shukuru. Nilimsikia akimwambia, "Inama, ndugu yangu." Mimi nilibaki nimesimama katikati ya chumba, kifua wazi, na hakuna hata mmoja aliyeniambia nijifunike.